Bima ya Nyumba ya Mbali

Mwingereza mwenye wasaa, akisha kuchoshwa na mvua ya kwao, hununua nyumba pwani ya Hispania, akaipaka chokaa, akaifunga kwa makufuli, kisha akarejea kunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka. Na hapo ndipo inapomjia fikira ya bima. Ile ya nyumbani kwake, ghalibu, haivuki bahari. Yampasa basi kutafuta nyingine, naye huchagua iliyo rahisi kuliko zote, akaitia sahihi pasina kuisoma, kwa kuwa imeandikwa Kihispania, lugha ambayo yeye huijua kwa kadiri ya kuagizia mvinyo.

Lau angaliisoma, angaliona ya kwamba nyumba ikikaa tupu kupita siku zilizotajwa, mara nyingi 30 au 60, wizi na hasara ya bomba lililopasuka huenda visilipwe. Yaani amekingiwa vyema kabisa na mwivi mwenye adabu, ajaye mwenye nyumba akiwapo. Tena, akitaja nusu ya thamani ili kupunguza ada, hata hasara ndogo aweza kulipwa nusu, na katika hesabu hiyo makarani wa bima ni mahodari ajabu.

Insafu yataka tuseme: Hispania ina shirika la umma, Consorcio de Compensación de Seguros, lilipalo hasara za gharika, zilzala na volkano, mfano wa ile ya La Palma ya mwaka 2021, lakini humlipa mwenye bima tu. Jirani asiye nayo huachiwa ajengee zile ada alizookoa.