Sifa za Mlinzi Asiyemjua Mwenye Nyumba

Jumatatu moja asubuhi, chai bado ya moto, nilifungua tovuti ya chama chetu cha kuweka na kukopa. Mimi ndiye katibu wa chama hicho. Tovuti yenyewe naifungua karibu kila siku tangu ilipoanzishwa, na kila kilichomo nimekichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Kabla ukurasa haujatokea, kompyuta ikalia kama gari la wagonjwa, na kwenye kona ya kioo likachomoza sanduku jekundu: TISHIO LIMEZUIWA. Nikalibonyeza nimjue mhalifu. Mhalifu alikuwa muhtasari wa kikao cha Machi.

Mwingine angetukana. Mimi nilikaa nikaiacha chai ipoe, na kadiri nilivyotafakari ndivyo nilivyoona kwamba onyo la antivirusi, linalolaaniwa katika kila ofisi na kila stesheneri ya mtaani, halijapata mtu wa kulisifu. Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata mshahara unaochelewa una watetezi wake. Onyo hili lina nini hata likose? Leo nalisifu mimi, na anayeona nimezidisha akaandike la kwake.

Tuanze na nasaba, maana sifa isiyotaja ukoo ni kelele. Kisa cha babu yake kinaanzia Marekani mwaka 1971, pale Bob Thomas wa kampuni ya BBN alipotengeneza Creeper, programu iliyotambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET, ikiwachokoza watu waikamate kama wanaweza. Mwenzake, Ray Tomlinson, yuleyule aliyeiweka alama ya @ katika barua pepe, akatengeneza Reaper, programu ya kuiwinda na kuifuta. Hapo ndipo ukoo wa walinzi ulipoanza: mmoja anatambaa, mmoja anafyeka.

Upande wa maadui nao siku hizo haukukosa adabu. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitoa kirusi kilichoitwa Brain, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani yao na namba za simu. Mwizi aliyeacha anwani yake mezani! Mlinzi wa zama hizo alihitaji kujua kusoma tu. Wa leo hana bahati hiyo. Anaamka kila siku na kukuta wezi wapya, hakuna hata mmoja aliyeacha namba, na bado tunamlaumu akimkamata katibu.

Sasa tuje kwenye tabia, na ya kwanza ni haki. Mlinzi wa geti pale ninapoishi ni mtu mwema, lakini ana udhaifu wa kibinadamu: ukimsalimia vizuri anakuita bosi na kukufungulia, na daftari la wageni linabaki juu ya kiti halina hata jina. Antivirusi haina bosi. Haipokei salamu wala bahasha, haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Tarehe 21 Aprili 2010 antivirusi ya McAfee ililetewa masasisho mapya, ikachungulia ndani ya kompyuta za Windows XP, ikamwona svchost.exe, ikamkamata. Huyo si mpita njia. Ni faili ya Windows yenyewe, nguzo ya nyumba, ukiing'oa paa linashuka. Likashuka. Kompyuta kwa maelfu zikawa zinazima na kuwaka, zinazima na kuwaka, na huko Australia baadhi ya maduka ya Coles yakafunga milango kwa sababu mashine za malipo zilikuwa zimegoma. Nitajieni hakimu mwingine aliyethubutu kumweka ndani mhimili wa serikali siku moja bila kupepesa macho.

Hata jamaa zake wa mbali wana damu hiyohiyo. Tarehe 31 Januari 2009, kwa muda usiofika saa moja, Google ilionya kwamba kila tovuti inayotokea katika matokeo yake inaweza kudhuru kompyuta yako. Kila tovuti! Mtu alikuwa ameingiza alama ya mkwaju, /, peke yake katika orodha ya anwani mbaya, na kwa kuwa alama hiyo imo katika kila anwani, dunia nzima ikawa mshukiwa. Tunaimba usawa majukwaani miaka nenda miaka rudi. Siku ile ulipatikana, nasi tukalalamika.

Tabia ya pili ni unyenyekevu. Binadamu akikosea humtafuta jirani wa kumbebesha. Mwezi Septemba 2012 antivirusi ya Sophos ilikagua kompyuta za wateja, ikaona jambo la kutilia shaka, na mshukiwa akawa Sophos mwenyewe: ile sehemu yake ya kupokea masasisho. Ikajiweka karantini. Tatizo likaja kwamba dawa ya kosa ilipaswa kupita kwa huyohuyo aliyefungiwa, mfano wa mtu aliyejifungia stoo na ufunguo akautupa nje ya dirisha. Lakini tuwe wakweli: ni viongozi wangapi umewaona wakijishuku wenyewe kwanza?

Tabia ya tatu ni elimu. Antivirusi ina daftari la sahihi: vipande vya programu mbaya zilizowahi kukamatwa, kama alama za vidole kituo cha polisi. Faili ikija, inalinganishwa na daftari. Ila lugha yetu ilishatuonya zamani kwamba kuwa na sahihi si lazima uwe sahihi. Kwa wezi wapya wasiomo daftarini, inabidi ikisie kwa mwenendo: huyu anajificha, huyu anagusa vitu visivyomhusu, huyu ana haraka. Wahenga walikuwa na kanuni hiyo kabla ya umeme: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na kwa anayedai mlinzi asiyekosea kamwe, jibu lilitolewa mwaka 1984. Fred Cohen, Mmarekani aliyeandika miongoni mwa tafiti za kwanza kuhusu virusi vya kompyuta, alionyesha kwa hoja za kimantiki kwamba haiwezekani kuwa na programu itakayovitambua virusi vyote bila kukosea hata mara moja. Kwa hiyo makosa ya antivirusi yana cheti. Makosa yangu mimi katibu hayana.

Tabia ya nne ni kuleta jamaa nyumbani. Bila onyo lile, mpwa wangu anayesomea kompyuta asingekanyaga kwangu hadi sikukuu. Jioni ileile alifika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu njoo uone, muhtasari wangu umekuwa jambazi."

Akainama, akasoma ule mstari mdogo chini ya sanduku jekundu, ambao mimi sikuwa nimeusoma. "Mjomba, hapa jina limeishia na Gen. Maana yake haijui ni kirusi gani, imekisia tu. Na tatizo si muhtasari, ni anwani. Tovuti yenu mmeipangisha kwenye seva ya bei poa, siyo?"

Nikakiri. Kamati iliketi saa tatu kuchagua bei hiyo, na imo katika muhtasari.

"Basi kwenye seva moja mnaweza kukaa tovuti mia na zaidi, anwani ya namba ni ileile moja. Mpangaji mmoja akiweka ukurasa feki wa benki, anwani inaingia orodha nyeusi, na nyumba nzima inaitwa ya wezi."

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sikujua kwamba methali hiyo ni kanuni ya intaneti. Mpwa wangu akataka kunionyesha VirusTotal, tovuti inayochukua faili au anwani na kuwauliza antivirusi zaidi ya sitini kwa mpigo, mithili ya baraza la wazee. Nikauburuta muhtasari niupeleke, akanishika mkono. "Faili ikiingia humo, mjomba, wengine nao wanaweza kuipata. Peleka anwani tu." Nikakumbuka kwamba katika muhtasari huo kuna aya ndefu kuhusu mkopo wa mhazini, nikapeleka anwani. Wazee wawili wakasema ana hatia, waliobaki wakasema hawana neno naye. Nikamruhusu mpwa wangu, akaiweka tovuti yetu katika orodha ya walioruhusiwa, akala wali, akaondoka. Sanduku jekundu likanyamaza, nami nikajiona mshindi.

Msifiaji mwaminifu hafichi lililofuata.

Wiki tatu baadaye mwanachama mmoja alinipigia. "Katibu, samahani, nikibonyeza fomu ya mkopo napelekwa kwenye kubeti. Ni utaratibu mpya?" Nikafungua tovuti kwenye kompyuta yangu: kimya, hakuna king'ora, hakuna jekundu. Nikabonyeza fomu, nikajikuta mbele ya mipira inayozunguka na sarafu zinazomeremeta. Mtu alikuwa ameingia kupitia programu-jalizi moja ya kizamani ambayo kila mwezi ilituomba tuisasishe na kila mwezi tukaiambia kesho. Mlango ulikuwa wetu, kibao cha chama kilikuwa chetu, nembo yetu ilikuwa palepale. Na mlinzi alikuwepo zamu, macho wazi, mdomo umefungwa kwa kitambaa nilichomfunga mimi.

Hapo ndipo nilipoacha kutania. Tunalicheka onyo kwa sababu limemshuku rafiki, kana kwamba hatari huja ikiwa na sura ya kigeni. Haiji hivyo. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino, kilizunguka dunia kikiwa kimebebwa na barua pepe kutoka kwa watu ambao mpokeaji anawajua, kwa sababu kilijituma chenyewe kwa kila jina lililomo katika kitabu cha anwani. Nani hafungui barua ya mapenzi iliyotoka kwa bosi wake? Mwaka 2017 ikaja CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta ambayo mafundi wengi humwekea mteja kabla hata hajaomba. Wadukuzi walipenyeza sumu katika toleo halali, lenye cheti halali, likapakuliwa katika kompyuta takriban milioni 2.27. Wenye CCleaner wakati sumu ile inagunduliwa walikuwa Avast, kampuni ya antivirusi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine nguo yenyewe umeinunua ili ikukinge.

Wataalamu wana jina la mbinu ya kumsubiri mtu pale anapopaamini: wanaifananisha na kisima cha kunywea maji. Simba hahangaiki kumfukuza swala mbugani. Anajilaza karibu na maji, maana swala atakuja tu, na atakuja akiwa ametulia. Tovuti ninayoifungua kila asubuhi nikiwa na kikombe mkononi ndiyo kisima changu.

Kwa hiyo naongeza tabia ya tano, ambayo Jumatatu ile sikuiona: onyo hili halijui mazoea. Mimi nayajua, na ndiyo yaliyoniponza. Kasoro yake ni moja tu na siifichi. Hupiga kelele kwa sauti ileile, awe amekuja jambazi au umekuja muhtasari, na sauti isiyobadilika hulisomesha sikio kutosikia. Likikosea mara kumi, mara ya kumi na moja kidole kinabonyeza "Ruhusu" kabla jicho halijasoma. Wanaotengeneza programu hizi wana deni hapo. Lakini kidole ni changu.

Nikamwita tena mpwa wangu. Tulisafisha tovuti, tukasasisha programu-jalizi zote, tukahamia seva nyingine baada ya kikao kilichochukua saa nne, na nikaifuta ile ruhusa niliyokuwa nimeitoa. Tovuti yetu sasa inakaguliwa kama ya mtu baki.

Nawe msomaji, sanduku jekundu likikutokea juu ya tovuti unayoiamini kuliko shemeji yako, usitukane na usiruhusu. Weka kikombe chini. Soma jina la tishio: likiwa na Gen au Heur, huenda limekisia, lakini kukisia si kukosea. Soma anwani herufi kwa herufi. Ulizia baraza la wazee, na wakisema ni salama, waandikie wenye antivirusi warekebishe, kwa kuwa wengi wao wana fomu ya kazi hiyo. Ruhusa ya kudumu usimpe mtu, hata awe wewe mwenyewe.

Muhtasari wa Machi bado uko karantini. Wanachama wameulizia mara mbili nautoa lini. Mhazini peke yake ndiye anayesema tusiwe na haraka, tujali usalama kwanza.