Masharubu ya Dhahabu

Ikifika katikati ya Desemba, Moshi inaacha kuwa yetu sisi tunaoishi hapa. Mabasi ya Dar es Salaam yanamwaga Wachagga waliokuja "kuhesabiwa", na kila anayeshuka, anashuka na maoni. Ya mpwa wangu yalihusu mti wetu wa Krismasi, yaani tawi la msaipresi ndani ya ndoo ya rangi.

"Mjomba, hayo ni majani ya mbuzi. Siku hizi watu wanatengeneza mapambo wenyewe, ya kizamani. Ndiyo yenye hadhi."

Ya kizamani utayapata Kiborloni, kwenye mitumba. Muuzaji alichimba chini ya lundo la mapazia akaibuka na boksi la vipira vya kioo. "Mali ya Mjerumani hii, bosi." Sikumbishia. Vipira hivyo vilianzia Lauscha, mji wa wapuliza kioo huko Ujerumani, karne ya 19, na wamisionari wa Leipzig walishafika huku mlimani mwaka 1893. Ila hivi, kwa harufu yake, vilikuja na robota. Kamba kuukuu za kung'aa nilizikataa: zile za zamani nyingine zilikuwa za madini ya risasi, Marekani wakaachana nazo mwaka 1972, na nyumbani kuna mtoto anayeonja mpaka ndala.

Ugomvi ukaja kwenye glita. Ile ya chenga inashika gundi ikatulia. Ile ya unga haijui kutulia. Mpwa akabeba unga, kopo zima, rangi ya dhahabu. Nikamweleza kwamba Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza glita ya plastiki ya kumwaga tangu Oktoba 2023, maana ni plastiki ambayo hakuna wa kuiokota.

"Ndiyo maana huku imeshuka bei," muuzaji akadakia.

Tukafanyia kazi jikoni, tukikata nyota kwenye maganda makavu ya mgomba. Pembeni palikuwa na pipa la mbege ya shangazi: ndizi mbivu, ulezi, msesewa wa kuipa uchungu, juu imefunikwa majani ya mgomba. Amri yake ilikuwa moja: haiguswi mpaka watu watoke kanisani. Ndipo jogoo, ambaye naye alikuwa kwenye ratiba ya sikukuu, akakurupuka na kulipiga teke kopo. Glita yote ikatua juu ya yale majani. Tukafagia. Glita haifagiliki, inahamishwa tu.

Asubuhi ya Krismasi shangazi akakuta majani yamesogezwa na kina cha mbege kimeshuka. Akauliza, kimya. Mara baba mkubwa, mzee wa kanisa, akatoka chumbani na suti yake, masharubu yakiwaka dhahabu kutoka shavu hadi shavu.

Nani amwambie? Akaenda hivyo hivyo, akapitisha kapu la sadaka benchi hadi benchi. Benchi la nyuma walikaa majirani wawili wa kiume, nao midomo inameta.

Mchana kata ikaanza kuzunguka. Shangazi akawaruka wote watatu.

"Nyie mmeshakunywa."

"Mimi?" baba mkubwa akang'aka. "Ushahidi uko wapi?"

Mpwa akachomoa kipira kimoja cha Kiborloni mtini, akampa ajiangalie.