Kula Upepo Njombe

Wapo mabwana wa mjini wanaoagiza Japani Mazda MX-5 ya paa la kukunja iliyokwisha kutembea kilometa laki mbili, wakalipa ushuru wa uchakavu, kisha wakaja nayo Nyanda za Juu Kusini ‘kula upepo’. Karibuni. Makambako hadi Njombe ni lami ya kilometa kama 60, na upepo upo wa kuwatosha.

Gari hilo lilizinduliwa Chicago mwaka 1989, mbali kabisa na Njombe, mji ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni na Julai sakitu huonekana alfajiri. Pale Makambako, lori la Tunduma likipumua, moshi unamfika bwana usoni moja kwa moja. Mbele kuna misindano, miwati na chai, mandhari safi, ila bwana haoni: macho yanamtoka machozi, na turubai la paa halifungi tena. Wenyeji, ndani ya makoti yao, wanamuuliza kwa adabu: “Kamwene! Paa wameliiba wapi?”

Usafiri wa kupigwa na upepo Njombe tunao, unaitwa bodaboda, na wenzetu hawakuulipia ushuru wa uchakavu. Tena buti la gari lenu halimezi hata gunia la viazi. Mkija, njooni na mablanketi.