Sifa za Kosa 403

Kosa 403 ni jibu ambalo seva ya wavuti humpa mtu ambaye imemwelewa vizuri lakini haitaki kumhudumia. Lilikuwamo tayari katika maelezo ya itifaki ya HTTP/1.0 yaliyochapishwa Mei 1996, na miaka yote hiyo limetukanwa bila kupata wa kulisifu. Wanaolijua kwa karibu ni mafundi wa TEHAMA waliotoka kusakinisha programu ya kufuatilia hali ya seva, mathalani Nagios, iliyoanzishwa na Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint. Fundi hufungua kivinjari, huandika anwani ya seva na neno nagios mwishoni, na badala ya orodha ya mashine zilizo hai hukuta tangazo fupi kwamba hana ruhusa.

Kosa hili lina adabu, maana hujibu papo hapo wala haliweki mtu foleni. Lina haki, kwani mkurugenzi na mwanafunzi aliyekuja kwa mazoezi hunyimwa sawasawa. Halili rushwa. Lakini fadhila yake kuu ni usiri.

Maelezo yale ya 1996 yenyewe yanasema kuwa nambari hii hutumika mara nyingi pale seva isipotaka kufichua sababu ya kukataa. Usiri, basi, ndiyo kazi yake rasmi. PHP ikiwa haijasakinishwa, seva ya wavuti ya Apache haiitambui index.php kuwa ukurasa wa kwanza wa Nagios: 403. Mpangilio ukiwa umeandikwa kwa kanuni za Apache 2.2 ilhali seva ina 2.4 inayodai kibali cha Require: 403. Folda moja tu njiani ikiwa haimruhusu mtumiaji wa Apache kupita: 403. Mganga ambaye angetoa jibu moja kwa homa, mimba na jino bovu angefukuzwa kijijini. Hapa huitwa kiwango cha kimataifa.

Usiri huu hufikia kilele katika SELinux, ulinzi uliobuniwa na NSA, shirika la Marekani linalosikiliza mawasiliano ya watu, na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Kwa malezi hayo, ukimya wake haushangazi. Mafaili ya Nagios huwa na mmiliki anayefaa na ruhusa zinazofaa, kila herufi inayoonyeshwa na amri ya ls -l iko mahali pake, na bado Apache hukatazwa kuyasoma, kwa kuwa hayana lebo inayotakiwa. Lebo yenyewe haionekani mpaka mtu aandike ls -Z. Fundi aliyekagua ruhusa zile zile tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi atajuaje kwamba kuna herufi moja ya kuongeza, kama waliomkabidhi kazi hawakuona haja ya kumwambia? Huu ni upuuzi mtupu.

Turudi kwenye sifa. Kosa 403 humficha mgeni sababu, lakini kwa mwenyeji huiandika. Katika error_log ya Apache, AH01276 ni ukurasa wa kwanza uliokosekana, AH01630 ni mpangilio uliokataza, AH00035 ni folda isiyopitika. Na SELinux ina daftari lake, audit.log. Kila kukataa kuna tarehe, saa na sababu. Ni ofisi ngapi zinazoweza kusema hivyo? Fundi huyo huyo akiomba mafunzo au seva ya akiba, huambiwa arudi wiki ijayo, na hakuna daftari popote linaloonyesha nani alikataa na kwa nini.

Wataalamu wa kupita, wao, wana dawa mbili tu: chmod 777 na kuizima SELinux. Ya kwanza haitibu tatizo la lebo hata kidogo, na humpa kila mtumiaji wa mashine uwezo wa kuandika juu ya mafaili. Ya pili hufukuza mlinzi kwa kosa la kulinda. Amri ya chcon, inayobadilisha lebo, ingetosha, lakini ingewalazimu kusoma.

Ukurasa ukishafunguka, wakubwa hupiga makofi na skrini hutundikwa mapokezi ili wageni waone rangi ya kijani. Tahadhari zote hutumwa kwa barua pepe ya mtumishi aliyehama idara. Seva ikianguka usiku, Nagios hupiga kelele kwa sanduku lisilofunguliwa na mtu. Asubuhi anayeitwa kujieleza ni fundi, naye nenosiri la nagiosadmin hana, kwa sababu mkandarasi aliondoka nalo.

Atakayekutana na 403 leo asiguse ruhusa yoyote kwanza. Asome mistari ya mwisho ya /var/log/httpd/error_log, au /var/log/apache2/error.log kwa wenye Debian na Ubuntu. Sababu imeandikwa humo, au katika audit.log ikiwa aliyekataa ni SELinux.