Saba Saba Saba

Seva ya ofisi nilikabidhiwa kwa sababu moja tu: niliwahi kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Meneja alikuwa amesimama pale pale, akaona, na tangu siku hiyo mimi, karani wa masjala, nikawa "mtu wa kompyuta".

Fundi aliyeifunga hiyo seva ya Linux, binti mdogo tu, alinipa somo la dakika kumi. Kila faili lina watu wa aina tatu: mwenyewe, kundi lake, na watu baki. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Unajumlisha, unampa kila mmoja namba yake. Hesabu za darasa la pili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Wiki ya kwanza simu hazikukatika. "Kaka, faili halifunguki." "Kaka, linafunguka ila halihifadhi." Katika kutapatapa nikagundua namba inayonyamazisha simu zote kwa mpigo: 777. Saba saba saba! Nikafurahi kama mtoto anayepelekwa kwenye maonyesho ya Sabasaba, nisikumbuke kwamba hata kule Barabara ya Kilwa watu hukata tiketi getini.

Tarehe 23 mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajajitaja, aliingia kwenye jedwali la mishahara kuchungulia nani anakula kiasi gani. Akaipanga safu ya mishahara kuanzia mkubwa kushuka chini, ila safu ya majina akaiacha ilipo. Akahifadhi, akaenda zake kunywa chai. Majina yakabaki kwa alfabeti. Mlinzi wetu, ambaye jina lake linaanza na A, akawa ndiye anayelipwa kuliko wote. Meneja, mtu wa Z, akaangukia kwenye mshahara wa mfagizi. Dada mhasibu aliligundua kosa hilo orodha ikiwa karibu kwenda benki. Mlinzi alipopata habari akauliza kwa upole kabisa, "Sasa hapo mnarekebisha nini?"

Usiku ule nikaapa. Kwa amri moja nikashusha kila kitu, mafaili pamoja na mafolda, kuwa 600: mwenyewe asome na kuandika, wengine wote sifuri. Nikalala usingizi wa mtu aliyefunga komeo.

Saa mbili asubuhi dada mhasibu alikuwa mezani kwangu. "Mdogo wangu, folda yangu mwenyewe inaniambia sina ruhusa. Mimi!"

Nikampigia fundi. "Shikamoo, mzee," akasema, kisha akanyamaza kidogo, namna daktari anavyonyamaza. Akanieleza: folda ni chumba. Ile 4 inakuruhusu kuchungulia dirishani usome majina ya vilivyomo. Kupita mlangoni ni ile 1. Kwa hiyo ofisi nzima nilikuwa nimeing'olea milango, nikajenga ukuta. Hata wenye vyumba walibaki nje.

Alinikataza kugusa kompyuta. Nichukue daftari, akasema, nizunguke nikamuulize kila mtu anafanya kazi gani na faili lipi. Swali jepesi, ila jaribu kulijibu. Hakuna aliyenitajia kazi. Wote walinitajia vyeo. Aliyenijibu sawasawa ni dereva peke yake: "Mimi? Ratiba ya safari, niisome tu."

Meneja alisema, "Niandikie saba kila mahali."

"Bosi, mara ya mwisho umehariri mishahara lini?"

Hajawahi. Basi mishahara ikawa 640 ndani ya folda ya 750: mhasibu anaandika, kundi ambalo meneja yumo linasoma, watu baki hawaingii. Nikamweleza kwamba kwa mishahara yeye ana 4.

"Nne?" Uso ukamshuka. "Mhasibu je?"

"Sita."

"Na dereva?"

"Sifuri."

Akatafakari, akatikisa kichwa taratibu. "Sawa. Hapo sawa."

Daftari lilinichukua siku mbili, kuingiza namba kwenye seva hakukufika saa moja. Tangu hapo simu zinapigwa, ila za watu wanaobisha vyeo.

Nakala za karatasi za mishahara hiyo hiyo ziko masjala ya siri, kwenye kabati la chuma ninalolisimamia mwenyewe. Ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, na ulikuwa hapo kabla sijaajiriwa.