Sifa za Mheshimiwa Haijaunganishwa

Sisi ni watu wa kusifu. Tumewasifu mabwana harusi tusiowajua, wagombea udiwani, hata marehemu waliokwenda na fedha zetu. Lakini sijamsikia mtu akishika kipaza sauti kumsifu yule anayeitawala gereji tangu asubuhi hadi magharibi bila mshahara wala posho ya kikao: lile duara dogo kwenye kioo cha tableti ya fundi, linalozunguka weee, kisha likatoa hukumu ya neno moja, "Haijaunganishwa." Basi leo nasimama mimi.

Kwanza, Mheshimiwa habagui. Mwenye Vitz ya mkopo na mwenye Land Cruiser wote huwaketisha benchi moja. "Fundi, vipi?" "Mtandao, bosi." Bosi hunyamaza papo hapo, maana neno hilo amekwisha kulizoea benki, dirishani pa hospitali na siku ya kununua umeme. Na hapo ndipo ukuu wa Mheshimiwa unapodhihirika, kwa sababu kusoma kosa la injini hakuhitaji intaneti. Kile kidude kilichochomekwa chini ya usukani kinazungumza na tableti iliyo hatua mbili kutoka kilipo. Vingeweza kuzungumza katikati ya pori la Ruaha, pasipo mnara wala vocha.

Pili, ni mtu wa siri. Akisema haijaunganishwa, hasemi ni nini na nini. Kumbe pale pana ndoa mbili: ya tableti au simu na kidude, na ya kidude na gari. Fundi mvivu huilaumu ya kwanza daima. Anazima Bluetooth, anaiwasha, anaizima tena, anajaribu namba ya siri 1234, kisha 0000. Fundi mwenye akili huinama kwanza akatazama taa ya kidude. Haiwaki? Basi hakuna ndoa ya kusuluhisha, kuna njaa tu. Katika soketi ile yenye matundu 16, tundu la 16 ndilo linaloleta umeme wa betri, na la 4 na la 5 ndiyo hasi. Umeme usipofika, ulizia fyuzi. Na katika magari kadhaa fyuzi hiyo ndiyo ile ile ya kiwashio cha sigara, iliyoungua siku mwenye gari alipochomeka chaja ya bei poa. Bila Mheshimiwa, chaja hiyo ingeshtakiwa na nani?

Taa ikiwaka lakini gari likakaa kimya, pengine swichi haijawashwa. Au pengine gari lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani zama zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000: soketi ni ile ile, matundu ni yale yale, ila lugha ni nyingine kabisa. Unaweza kusogeza simu mpaka ikagusa soketi, hutasogeza lugha.

Kidude cha waifai ndicho kinachompa Mheshimiwa uwanja mpana zaidi. Chenyewe hufungua mtandao wake mdogo, mara nyingi kwa anwani 192.168.0.10, mlango 35000. Simu inaingia, inakagua nyumba, inakuta hakuna intaneti, na usiku huo huo inarudi kwa bando la zamani bila kuaga. Fundi anahangaika na programu, kumbe dawa ni kuzima data tu. Upande wa Bluetooth nako kuna vituko vyake. Simu nyingi za Android za zamani kidogo zilitaka kwanza ziruhusiwe kujua uko wapi duniani, ndipo zikubali kutafuta kitu kilicho gotini pako. Nayo iPhone haikitambui kidude cha Bluetooth ya mtindo wa kale, hata ukisali.

Mheshimiwa ni mlinzi wa historia pia. Asili ya vidude hivi ni chipu ya ELM327 ya kampuni ya ELM Electronics ya Kanada. Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, nalo likanakiliwa kwelikweli. Leo nakala nyingi zinajitapa kuwa toleo 1.5, toleo ambalo kampuni haikuwahi kulitoa. Yenyewe iliruka kutoka 1.4 hadi 2.0. Mwaka 2022 ikafunga milango. Watoto wa nje wangali sokoni, na kila wanapogoma kuungana, mtu mmoja zaidi huuliza walitoka wapi.

Sifa yake kuu nimeiweka hapa makusudi. Ipo siku fundi hatosheki na kusoma, anataka kuandika: kubadilisha programu ya kompyuta ya injini. Kazi hiyo huanza kwa kufuta ya zamani, kisha mpya huingizwa kipande kwa kipande. Ikikatika katikati, gari halina ya jana wala ya leo. Ndiyo maana watengenezaji wengi husisitiza waya, na chanzo cha umeme cha nje kinachoishikilia betri isishuke. Fundi wetu hana hicho wala kile. Ana betri iliyochoka, feni ya gari inavuma, na waifai ya duka la jirani inagombea masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Mheshimiwa anamtazama, anazungusha duara lake, anamkatalia mlangoni. Niambieni, ni mzee gani wa mtaa angeamua kwa hekima zaidi?

Mkisema kwamba wakati mwingine hakatai mlangoni bali humkubalia, akamwacha katika asilimia 63, hapo nakiri kwamba hata ulimi wa msifu hulemewa. Lakini hebu tazameni riziki anazozifungua. Muuza spea anapata mteja wa kompyuta iliyotumika. Mwenye gari la kuvuta anapata safari. Mama ntilie aliye ng'ambo ya barabara anauza chai na chapati kwa benchi zima, kisha wali, na jioni anawaulizia kwa majina.

Wapo wanaompinga, hasa wafuasi wa waya, wanaodai kwamba ungechomekwa tangu mwanzo, watu wangekuwa wameshaondoka. Ni kweli. Waya ulikuja ndani ya boksi, mpya, wa kutosha kutoka kwenye soketi hadi kwenye kiti cha nyuma. Kijana muosha magari anachajia simu yake.