Mhadhara wa Ng'ambo, Barabara ya Nane

Mtaalamu hajawahi kusoma ng'ambo, na jambo hilo alilitaja mapema lisije likamsumbua mtu. "Nahodha wa jahazi," alisema, huku akipangusa kikombe cha kahawa kwa leso, "si lazima awe samaki." Vijana waliofika barazani na madaftari yao, Barabara ya Nane, Ngamiani, Tanga, waliliandika hilo neno kwa neno. Muuza kahawa aliwatazama, akatikisa kichwa, akaendelea kugonganisha vikombe.

Kadi yake, iliyochapwa steshenari ya karibu na stendi, inamtambulisha kuwa Mshauri Mkuu wa Udahili wa Uzamili na Uzamivu, Kanda ya Kaskazini na Nchi Zote za Nje. Alivaa suti ya vipande vitatu katika joto la Februari. Mada ya jioni ile aliitamka mara mbili, mara ya kwanza kwa Kiswahili, mara ya pili kwa Kiswahili hicho hicho lakini polepole: namna ya kupata nafasi ya shahada ya pili katika nchi za wenzetu.

Kama ilivyo ada ya wazungumzaji wasio na haraka, alianza na historia. Watu wa pwani hii, alisema, walikuwa wakiingia chuoni Berlin wakati mababu wa hadhara ile hawajavaa viatu. Ukiondoa hayo ya viatu, hakukosea sana. Semina ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887. Amur bin Nasur wa Unguja alifika huko mwaka 1891, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, akafuata mwaka 1900. "Nani aliwadai cheti cha lugha?" alinguruma Mtaalamu. Hakuna aliyejibu, kwa hiyo hakuna aliyemkumbusha kwamba wawili hao walikwenda kufundisha. Wanafunzi walikuwa Wajerumani, maana koloni lilihitaji maofisa wanaojua Kiswahili. Wala safari ya Mtoro haikuwa ya kuonewa wivu. Alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Walipojaribu kuja huku, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka pamoja Dar es Salaam, wakageuza na kurudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927. Ukurasa huo Mtaalamu aliuruka.

Akatua mwaka 1959, kwenye ndege ya Tom Mboya wa Kenya iliyowapeleka Marekani vijana 81. "Na ndani yake," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anavujisha siri ya serikali, "alikuwamo baba yake Obama."

Hakuwamo. Barack Obama mzee alikwenda Hawaii mwaka huo huo kwa njia yake mwenyewe, baada ya kutuma maombi vyuoni kwa msaada wa akina mama wawili wa Kimarekani waliomfahamu Nairobi. Habari hiyo ingewafaa vijana wale kuliko ya ndege. Ndege kama ile haiji tena. Maombi bado yanatumwa.

Baada ya hapo ikaja ile anayoiita Kanuni ya Mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dokta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na kutokana na hiyo likaota zao lililoijenga Tanga, hata mwaka 1964 nchi ikazalisha takriban tani 230,000. "Asilimia sita nukta mbili!" alisema Mtaalamu akiinua kidole. "Basi na mwombaji atume maombi 1,000. Hesabu ya Mungu haibadiliki."

Kijana mmoja wa Makorora alitoa simu akapiga hesabu ya binadamu. Vyuo vingi vya Ujerumani hupokea maombi ya wageni kupitia taasisi iitwayo uni-assist, ambayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila linalofuata katika muhula huo huo. Maombi 1,000 ni euro 30,045. Mwanafunzi anayeomba viza ya Ujerumani hutakiwa kuonyesha pesa ya kujikimu, euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2024, ambayo hufungiwa katika akaunti maalumu na kutoka euro 992 kila mwezi. Kwa maneno mengine, Kanuni ya Mkonge ingekula zaidi ya miaka miwili ya wali, kodi ya chumba na nauli kabla mtu hajaona theluji. Mtaalamu alijibu kwamba hesabu ni adui wa maono. Alipoambiwa kwamba ufadhili wa Chevening wa Uingereza unamtaka mwombaji achague kozi tatu tu, alisikitika: Waingereza, alisema, hawakuwahi kuuelewa mkonge.

Kwenye Kiingereza alikuwa na hasira ya haki, na hapo ni vigumu kumcheka. Mtanzania husomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi anapovaa joho. Hutahiniwa kwa Kiingereza, hufelishwa kwa Kiingereza. Akiomba viza ya masomo ya Uingereza anakuta orodha ya nchi ambazo raia wake hawana haja ya kuthibitisha kwamba wanakijua Kiingereza. Jamaika imo, Malta imo, Tanzania haimo. Kwa hiyo wengi wanafanya mtihani wa IELTS, na matokeo yake hutumika kwa miaka miwili tu, baada ya hapo mtu huhesabiwa kuwa amekisahau. Vipo vyuo vinavyokubali barua ya chuo cha nyumbani inayosema kwamba masomo yalitolewa kwa Kiingereza, na mwenye busara huuliza kwanza kabla ya kulipia mtihani na nauli ya basi. Mtaalamu hakuligusa hilo. Dawa yake ilikuwa kuzungumza Kiingereza nyumbani, hata na mama mkwe.

Kuhusu alama alisema maneno machache, na heri. Aliwahakikishia wenye wastani wa 4.4 kati ya 5 kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani daraja la kwanza, kwamba Ujerumani watapokewa kwa ngoma. Ujerumani namba zimegeuzwa miguu juu: 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ni kupita kwa tabu, na 5 ni kufeli. Kuna kanuni ya kubadilisha, ya Wabavaria, ambayo huifanya 4.4 ya Dar es Salaam kuwa kama 1.6. Aliyetoka pale akijua hilo, amelijua kwa jirani yake wa benchi.

Suala la majina liliibuliwa na binti mmoja aliyeketi mwisho, akiwa na bahasha ya kaki mapajani. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis, kwa sababu siku ile ya kujaza fomu mwalimu alikuwa na haraka. Shahada yake ina majina mawili, pasipoti ina matatu, na katika matatu hayo la babu ndilo lililogeuka jina la ukoo, maana fomu za wenzetu lazima zipate ukoo. Pwani mtu ana jina lake, la baba na la babu, na mnyororo unasogea kila kizazi; ndugu wa baba mmoja na mpwa wao hawana "ukoo" unaofanana kwenye karatasi. Ofisa wa udahili aliyeko Leeds au Leipzig hajui habari hiyo. Anachoona ni watu watatu wanaogombea kiti kimoja.

"Mwanangu," Mtaalamu alimwambia kwa upole wa kifalme, "jina ni roho. Waandikie barua uwaeleze falsafa ya majina ya Waswahili." Akaanza hata kuitunga, kuanzia zama za Washirazi.

Mzee aliyekuwa akicheza bao upande wa pili, karani mstaafu wa mahakama, hakuinua kichwa. "Nenda kwa wakili ukaape," alisema. "Hati ya kiapo kwamba hayo majina yote ni yako. Itafsiriwe kama ni ya Kiswahili, igongwe muhuri, uiskani, uiambatanishe na kila fomu. Na pasipoti ukiibadilisha, ibadilishe kabla ya kuomba, usisubiri upate." Akala kete. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa mwaka 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, ndiyo karatasi ambayo nyingine zote zitapimwa nayo, na kusahihisha herufi moja baada ya chuo kutoa barua ya udahili ni kuanza upya mlolongo mzima. Mtaalamu alisema mzee yule ana mawazo ya kikarani.

Kisha likaja jambo alilolisubiri jioni nzima, maelezo ya dhamira: ile insha ambayo mwombaji hueleza kwa nini anataka kusoma anachotaka kusoma. Mtaalamu alisimama. Alifungua kifungo cha koti. Alisoma mfano wake, unaoanza na mtoto anayezaliwa usiku wa mbalamwezi na kulia kwa sauti ya mtafiti, ukapita kwenye kiu isiyozimika ya elimu, ukataja utandawazi mara nne, ukamalizia na ahadi ya kuikomboa Afrika ndani ya miezi kumi na miwili ambayo shahada ya uzamili ya Uingereza huchukua. Watu walipiga makofi. Insha ile ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, wa mji wowote, kuhusu somo lolote, na ubaya wake ni huohuo.

Tanga si mji wa kukosa la kuandika. Kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka zamani za kale, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Huku hunaswa na jarife linaloteremshwa kina kirefu kutafuta papa. Kijana aliyewahi kukaa ufukweni Kigombe akaandika jarife hilo linashushwa kina gani, msimu gani, nani analimiliki na mvuvi anapoteza nini akiambiwa aliache, ana insha tayari. Imebaki tu aseme ni mhadhiri gani wa chuo anachokiomba anayeshughulika na swali hilo, na yeye anakosa ujuzi gani wa kulijibu. Hakuna mbalamwezi inayohitajika. Lakini watu wetu wamezoezwa kwamba karatasi ya Mzungu ni jukwaa, na mtu akipanda jukwaani haongei mambo ya nyavu.

Barua za mapendekezo zilipata dakika tano. Mtaalamu alishauri zitoke kwa mbunge, kwa mkuu wa wilaya au kwa mwenye hoteli. Kwa shahada ya uzamili vyuo huwa vinamtaka mwalimu aliyekufundisha na kusahihisha kazi zako, naye hutumiwa kiungo kwenye barua pepe apakie barua mwenyewe. Kiungo hicho hupenda kulala kwenye folda ya taka, karibu na matangazo ya mikopo, huku tarehe ya mwisho ikikaribia na mwalimu akisahihisha mitihani mia mbili. Mwombaji anayempigia simu mwalimu wake mara ya tatu hujiona mkosa adabu. Afadhali akose adabu.

Chevening pia hutaka uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, karibu miaka miwili. Mtaalamu alipendekeza saa za barazani zihesabiwe, akamtaja Mwalimu Nyerere kuwa shahidi wake. Shahidi akamgeuka: Nyerere alitoka Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora kuanzia mwaka 1946, ndipo akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kutunukiwa M.A. mwaka 1952. Alikuwa na uzoefu wa kazi.

Anayejilipia Uingereza mara nyingi huambiwa aonyeshe pesa zilizokaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, pamoja na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Kipimo ni rahisi. Siku 28 ndizo zinazoua. Pesa ya kuazima kwa mjomba wa Muheza haikai siku 28. Katikati yake kuna arusi, kuna hitima, kuna injini ya boti imekufa. Mtaalamu alisema ubalozi utaelewa, kwa kuwa hata wao wana wajomba.

Mwisho akaingia fasihi, maana ni mji wa Shaaban Robert na ingekuwa aibu kutomtaja. Alisema Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu cha kuwahimiza vijana wasafiri. Wajumbe sita hutumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini, wakajifunze mambo ya kuifaa nchi yao. Alisahau kwamba kila mjumbe anaporudi na alichojifunza hutupwa gerezani. Karani mstaafu alicheka hadi kete zikamwagika. Siku hizi nchi imestaarabika, alisema. Anayerudi anaambiwa tu apeleke cheti chake Tume ya Vyuo Vikuu kikatambuliwe, na kama alifadhiliwa na Chevening ameshaahidi kukaa nyumbani miaka miwili, kwa hiyo muda wa kusubiri anao.

Ilikuwa imebaki sehemu ya nane, kuhusu namna ya kukaa kwenye picha ya pasipoti. Binti mwenye bahasha ya kaki hakuingojea. Alikuwa amekwisha ondoka kumuwahi wakili kabla hajafunga ofisi. Kijana wa Makorora alikuwa nje, chini ya mwarobaini, simu sikioni, akisema "Shikamoo, Dokta, samahani, ni mimi tena." Mtaalamu aliwatafuta kwa macho, akauliza majina yao, kisha akawaandika wote wawili kwenye orodha ya wateja aliowafaulisha.